Saa Moja Barabarani, Dakika Kumi kwa Miguu

2 Oktoba

Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja wangu wa ushonaji. Lile zuri nililonunua kwa ajili ya safari liko chini kabisa ya sanduku na sina moyo wa kulifungua. Nyuma ya ukurasa huu kuna kifua, kiuno na urefu wa mikono wa mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Atanisamehe.

Hatuendi. Tulikuwa tupande ndege tarehe tano usiku. Leo tulipita hospitali kuchukua karatasi tu ya kusema mzee, mume wangu, ni mzima, na daktari, binti wa umri wa kijana wetu, akaupapasa mguu wake wa kulia, akauona umevimba, akampeleka kwenye mashine, akarudi na picha. Damu imeganda kwenye mshipa wa paja.

"Ndege hapana, baba," akasema. "Miezi sita, labda zaidi. Ukikaa kitini saa kumi na nne, hilo donge linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu."

Mzee akauliza kuhusu gari. Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini na mmoja angeuliza nini kingine? Daktari akasema gari sawa, ila asiendeshe yeye, dawa asiruke hata siku moja, na kila baada ya saa moja ashuke atembee dakika kumi.

Mzee akasema, "Basi." Ndilo neno lake hilo. Lina kazi nyingi nyumbani kwetu kuliko kijiko.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Kijana wetu yuko ng'ambo mwaka wa tisa huu, na mkewe alijifungua mtoto wa kike Julai, mjukuu wetu wa kwanza. Tulikuwa tunakwenda miezi mitatu. Mzee angerudi. Mimi nisingerudi. Ningesema mkwe anahitaji msaada, ningeongeza mwezi mmoja, kisha mwingine, bandu bandu huisha gogo. Hanipigi, na sijasikia kwamba ana mwingine. Nimechoka tu kuishi na mtu asiyesema. Tangu astaafu ni miaka minne tunakula meza moja, na maneno yake yote ukiyakusanya hayajazi ukurasa huu.

3 Oktoba

Sijamsemesha tangu jana. Hajaona tofauti.

5 Oktoba

Kijana amepiga simu. "Mama, njoo wewe. Tiketi yako wanaweza kuisogeza, mradi uondoke kabla ya Novemba kwisha. Baba atakuja akipona." Nikamwambia nitafikiri. Mzee akauliza mtoto kasema nini. Nikasema anakusalimu.

6 Oktoba

Shida ni kwamba mtaa mzima ulishatuaga. Majirani walituandalia chai ya safari, fundi viatu akatupa vindala vya ngozi tumpelekee mjukuu, wateja wangu nikawagawa kwa fundi wa upande wa pili wa barabara, cherehani nikazifunika. Hata machozi watu walitoa. Sasa utatoka vipi na ndoo kwenda kuanika nguo? Siku nne hizi tumejifungia ndani, madirisha yamefungwa, tunanong'ona kama wezi.

Leo Mama Vitunguu, jirani anayeuza mboga, amesimama chini ya dirisha letu akimwambia mwenzake, "Saa hizi wale wako juu ya bahari, wanaletewa chakula kwenye trei." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika sufuria ya maharage. Mzee akaanza kucheka. Akacheka bila sauti, akajiziba mdomo na mto, machozi yakamtoka. Sijamwona akicheka hivyo tangu sijui lini.

Alipotulia akasema, "Tuondoke kweli. Kwa gari letu. Wewe uendeshe, mimi nikuonyeshe barabara yangu." Halafu akaongeza, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Kwa mzee wangu hiyo ni hotuba. Nikakubali. Moyoni nikasema hii ndiyo itakuwa kwaheri yangu kwake, hata kama yeye hajui.

9 Oktoba

Tumeondoka saa kumi na mbili kasoro ili tusionekane. Mama Vitunguu alikuwa nje anafagia. Akabaki mdomo wazi, ufagio juu. Mzee akampungia mkono kwa adabu zote kama mtu anayetoka ng'ambo kwa mapumziko mafupi.

Gari ni lile dogo ninalopelekea sare mashuleni. Nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka hamsini na tano, naye hakuwahi kupanda nikiwa usukani. Saa ya jikoni, ile ya kuokea mikate, nimeiegemeza kwenye dashibodi. Ikilia, tunasimama palepale ilipolilia. Mara ya kwanza imelia mbele ya karakana ya majeneza.

"Saa yako ina haraka," akasema mzee.

Tukashuka. Tukatembea katikati ya majeneza yaliyosimamishwa ukutani yakingoja rangi, mzee kaniwekea mkono begani. Seremala akatoa penseli sikioni. "Mnatazama au mnachukua?"

"Tunatembea tu," nikasema.

"Wengi wanaokuja hapa hawasemi hivyo," akasema, akaendelea kupiga randa.

10 Oktoba

Mvua. Vituo vitano, maneno kumi.

12 Oktoba

Aisifuye mvua imemnyea, na mimi siisifu. Wipa moja inafuta, nyingine inapaka. Mzee anaendesha kwa mguu wa kushoto: kila nikikaribia kona anakanyaga breki ambayo haipo, mpaka zulia la upande wake limekunjamana. "Punguza. Gia. Kona inadanganya hiyo." Leo nilisimamisha gari nikamwambia aendeshe kwa mdomo, mimi nitashuka nimfuate kwa miguu. Akanyamaza dakika tano nzima. Tulipofika kwenye ile kona aliyosema inadanganya nikaona ukingo umemong'onyoka nusu ya njia, mahali ambapo kama nisingepunguza tungekuwa bondeni. Sikusema kitu. Yeye pia hakusema, na hilo nalihesabu kuwa wema.

14 Oktoba

Leo saa imelia tukiwa kwenye mizani, pale malori yanapopimwa uzito. Mzee hajaweka hata mguu chini, mtu mmoja mnene aliyevaa koti la mvua akapiga kelele kutoka kwenye kibanda, "Redio kafika!"

Nikatazama nyuma kuona redio iko wapi.

Wakatoka watatu, wanne, wakamkumbatia. Mpima mizani, fundi wa matairi, mama wa kantini. Wanamwita Redio. Nikamuuliza mama wa kantini kwa nini, akanishangaa. "Huyu hajui kunyamaza, dada. Akizima injini anaanza, mpaka awashe tena. Na wewe ndiye fundi mwenyewe? Uliyemaliza gauni la harusi kwa mkono, umeme umekatika, bibi harusi analia mlangoni?"

Wanajua. Wanajua kijana alirudia darasa la sita. Wanajua nilivyokaa wiki mbili bila kugusa cherehani mama alipofariki, na wimbo niliokuwa nikiimba nilipoirudia. Mpima mizani akaniambia, "Sisi tumekulia na wewe hapa, shemeji." Wakatuletea chai na mayai, wakatukataza kushukuru. Niliwashukuru hivyohivyo.

Lakini niliporudi kwenye gari niliubamiza mlango. Miaka yote nilidhani nimeolewa na bubu. Kumbe maneno anayo, ila aliyamalizia njiani, na nyumbani akaniletea gunia tupu. Nimeendesha saa nzima bila kumtazama.

15 Oktoba

Nyumba ya wageni yenye vitanda viwili na dirisha moja. Nimechagua cha mbali.

17 Oktoba

Nimemuuliza. Tulikuwa tunatembea kando ya uwanja wa shule, watoto wako darasani wanakariri hesabu kwa sauti moja. Nikamwambia, "Kwa nini wale wanakuita Redio na mimi unanipa 'basi'?"

Anatembea akivuta mguu kidogo.

"Nilikuwa nikirudi nakuta nyumba ina mwendo wake," akasema. "Wewe na mtoto mna utani wenu, mna siri zenu, mnacheka kitu cha juzi. Mimi sijui cha juzi. Nikawa kama mtu aliyepanda basi katikati ya safari, anaona haya kuuliza linakwenda wapi. Nikasema nikae kimya nisiharibu. Baadaye nikazoea, na wewe ukazoea."

"Ungeuliza."

"Nilikuwa nawauliza wale. Nawaambia nyumbani kumetokea hivi, mnaonaje. Ndiyo maana wanakujua."

Nilitaka kumjibu kwa ukali na jibu nilikuwa nalo. Kisha nikakumbuka jinsi mimi na kijana tulivyokuwa tukikatiza mazungumzo kila lori liliposimama nje. "Baba kaja, funga mdomo, kaa vizuri." Mimi ndiye niliyekuwa nasema hivyo. Nilidhani ni heshima, kumbe nilikuwa nafunga mlango mtu akiwa bado yuko kizingitini.

Nikatazama saa mkononi mwangu. Tulikuwa tumetembea dakika ishirini.

18 Oktoba

Amenisimulia habari za fisi aliyelala chini ya lori lake. Nimecheka mpaka nikakosa njia.

20 Oktoba

Namshukuru yule binti daktari. Ndani ya ndege ningekaa kando ya mzee saa kumi na nne nimefumba macho. Hapa kila saa tunalazimika kushuka na kutembea pamoja kama watu wanaochumbiana, mbele ya kiwanda cha matofali, kwenye ghala la mbolea, nyuma ya duka la vioo ambamo tulijiona tukipita vipande vipande. Juzi muuza nazi alitupa viti. Jana mwashi alishuka ngazini kumwonyesha mzee namna ya kunyoosha kifundo cha mguu, maana na yeye aliwahi kuugua. Uvimbe umepungua. Nimeupima kwa futi yangu ya kushonea, umepungua sentimita mbili.

Kijana katuma picha ya mtoto. Ana paji la uso la mzee. "Mama, umeamua?" Sijajibu. Zimebaki siku arobaini na moja.

23 Oktoba

Nitaandika yote.

Maji yamekata barabara. Mto mdogo, ambao mzee anasema wakati wa kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa magoti, umepanda juu ya kidaraja chake cha kalvati na kuifanya barabara kuwa yake. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta foleni ya malori na mabasi, kichwa chake hatukukiona. Saa ya jikoni ikalia. Mzee akachukua mwavuli. "Dakika kumi," nikamwambia, na nikabaki kwenye gari kwa sababu mvua ilikuwa inapiga vibaya.

Zikapita ishirini. Zikapita arobaini. Nikavua viatu nikatoka. Nikauliza dereva wa lori la saruji, hakumwona. Nikauliza kwenye basi, wakasema mzee mwenye mwavuli mweusi alipita anaelekea kwenye maji. Nikaanza kukimbia, mimi na magoti yangu haya, tope mpaka kwenye nyonga. Kichwani mwangu nikamwona kaanguka, donge limepanda kifuani. Nikamwona kachukuliwa na mto.

Na wazo likanipitia. Nitaliandika kama lilivyokuja, daftari hili halina msomaji mwingine. Lilisema: basi, sitahitaji kumwambia.

Nikasimama, nikashika mlango wa lori la mtu. Nilijiogopa. Kisha nikafikiri kwamba nitarudi njia hii yote peke yangu, kona zote zile, na upande wa kushoto hakuna mtu wa kukanyaga breki. Nikalia kwa sauti, dereva mwenye mlango akateremsha kioo akaniuliza mama unaumwa wapi.

Nikamkuta karibu na kichwa cha foleni, nyuma ya pikapu ya mama mmoja mfugaji. Turubai lilikuwa limepasuka na chini yake kulikuwa na maboksi ya vifaranga wa siku moja, mamia kwa mamia, mvua inaingia. Mzee anakwenda gari hadi gari na boksi kifuani. Nikasimama nikamsikiliza.

"Bwana mkubwa, hawa hawataki chakula, wanataka joto tu. Chukua boksi moja mpaka maji yashuke. Si unalalamika gari lako limenyamaza? Hawa watakupigia kelele bila kudai mshahara." Na watu wanacheka, wanafungua milango. Mama mwenye vifaranga anamfuata nyuma, anashukuru kila mlango.

Ni redio kweli.

Aliponiona akasema, "Huyu ndiye mke wangu. Sisi tunachukua manne."

Nilimgombeza mbele ya foleni nzima. Nikamwambia nimemzika mara tatu kutoka kule mpaka hapa. Madereva wakageuza nyuso kwa heshima. Yeye akasimama ananyeshewa, mwavuli kaushikilia juu ya boksi.

Tukarudi kwenye gari na maboksi manne kiti cha nyuma. Nikawasha joto. Makelele ya vifaranga yalikuwa ya soko zima. Nikafungua lile sanduku la ng'ambo nikatoa taulo jipya, nikampa. Alipokuwa anafuta kichwa, bila kupanga, nikasema:

"Nilikuwa nimeamua nikifika kwa mtoto nisirudi."

Akamaliza kufuta. Akalikunja taulo mara mbili, kingo kwa kingo.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza ulipostaafu."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Ndiyo maana nakwambia. Na tiketi yangu bado ipo. Kijana ananiita niende peke yangu."

Akafungua mlango akatoka. Saa haikuwa imelia. Nilimwona akitembea kwenda na kurudi kando ya gari, kwenda na kurudi, hakwenda mbali nisikomwona. Hilo alilifanya kwa makusudi, nalijua, na hata kwenye hali ile nilimshukuru.

Maji yalishuka saa kumi jioni. Tukamrudishia mama vifaranga wake upande wa pili wa mto. Wawili wamekufa, waliobaki wazima. Alimshika mzee mikono yote miwili. Mzee alikuwa anatabasamu kwa adabu, lakini hakuwa pale.

24 Oktoba

Hakusema neno. Hakukanyaga breki. Niliendesha siku nzima kama mtu aliye peke yake, nikajua ikoje.

25 Oktoba

Tumesimama nje ya kiwanda cha pamba, kando ya ukuta mrefu. Mzunguko wa pili, akaanza kusema bila kunitazama.

"Nenda kwa mtoto. Sikukatazi. Mimi niliondoka nyumbani miaka thelathini na mmoja, na wewe hukuwahi kunikataza. Nilikuwa naondoka alfajiri umelala. Natoka na viatu mkononi nisikuamshe. Nilijiona mwema. Juzi uliponiambia, nikajiuliza hivi nimewahi kumuaga huyu mwanamke hata mara moja? Sikuipata. Sasa wewe usinifanyie hivyo. Ukitaka kukaa kule, kaa. Lakini niage, nijue umeondoka."

Nikasimama. "Sikuwa nimelala," nikamwambia.

"Lini?"

"Siku zote hizo. Nilikuwa nakusikia ukitafuta viatu gizani. Nafumba macho nangoja uje uniage. Ukitoka, nasema moyoni, huyu hata kuniaga hataki."

Akageuka, akanitazama. Mzee wangu ana macho ya kahawia yenye ukingo wa kijivu; nilikuwa nimeyasahau. Miaka thelathini na mmoja, yeye ananyata na mimi najifanya nimelala, kila mtu anangoja mwenzake. Watu wazima na akili zetu. Nililia, nikajiona mjinga, nikaendelea kulia. Yeye alinishika kiwiko, tukamaliza mzunguko, tukaongeza mwingine.

26 Oktoba

Amekanyaga breki mara sita. Nimefurahi.

31 Oktoba

Tumefika nyumbani. Mama Vitunguu kaja kabla hatujashusha sanduku. "Ng'ambo kumewachosha upesi hivi?" Mzee akamwambia, "Kaa, nikusimulie." Akamsimulia kuanzia donge la damu mpaka vifaranga. Fundi viatu akaja na kigoda chake. Nikawa naleta chai, na kila nikiingia mzee ananirukia na swali, "Lile ghala lilikuwa la mbolea au la chumvi?" mpaka nikaketi nikawa nasimulia naye. Hakuna aliyetucheka. Au walitucheka sana, sikumbuki.

4 Novemba

Nimefunua cherehani. Mwalimu mkuu amekuja kupimwa upya, kanenepa.

9 Novemba

Kijana kauliza tena. Nimemwambia nakuja. Nikamwambia baba yako anajua kila kitu, na nitakapokuwa huko nitakuwa nampigia simu jioni, kwa hiyo saa hizo mtoto nitampakata lakini maongezi ni ya babu yake. Akauliza, "Baba anaongea?"

12 Novemba

Mvua inakaribia kwisha, leo imenyesha kwa uvivu tu. Tumekwenda ofisi ya tiketi. Chumba chembamba, viti vitatu vya plastiki, feni inayozunguka upande mmoja. Dada wa kaunta akanisogezea siku ya kuondoka, tarehe ishirini na nane. Kisha akauliza, "Na ya kurudi, mama? Naweza kuiacha wazi mwaka mzima, ukaamua ukiwa huko."

Mzee akainuka. Akasema anakwenda kunyoosha mguu. Alikuwa ameketi dakika tano tu. Alitoka nje akasimama chini ya mchirizi wa paa, amekipa kioo mgongo, ili nijibu bila uso wake mbele yangu.

Nikamwambia yule dada asiiache wazi. Nikampa tarehe ishirini na moja Februari. Akauliza kama kuna shughuli siku hiyo. Nikasema tarehe ishirini na tano mume wangu anapimwa mguu, na sitaki aende peke yake.

Nikatoka na karatasi nikamwonyesha. Hana miwani, akaishika mbali, akaisogeza, akaisogeza tena, mpaka akaipata tarehe. Akaisoma kwa sauti, siku na mwezi na mwaka. Akakaa kimya, na mimi nikakaa kimya naye. Ni kimya ambacho sikukichukia.

"Nitakuja uwanjani kukupokea," akasema. "Sijawahi kumpokea mtu maishani mwangu. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nafika."

Nikamwambia asichelewe.